Kufunga Mzigo na Kupanda Juu Yake: Mwongozo kwa Madereva na Matingo wa Malori ya Bodi Wazi Kanda ya Ziwa

Lori la bodi wazi, yaani lile ambalo sakafu yake haina kuta za kudumu za pembeni na nyuma wala paa, hupakiwa mizigo ya kila namna katika jiji la Mwanza: nondo na mabati yanayokwenda Sengerema na Geita, mbao, saruji, marobota ya pamba, na magunia ya dagaa yanayotoka Mwaloni Kirumba. Urahisi wake ndio hatari yake, kwa kuwa mzigo uliopakiwa kutoka upande wowote unaweza pia kuangukia upande wowote, na mtu anayepanda kuufunga hana ukuta wa kumzuia asidondoke. Mwongozo huu unachukulia kufunga na kupanda kuwa kazi moja, kwa sababu namna mzigo ulivyopangwa ndiyo inayoamua utingo atalazimika kupanda mara ngapi, na akishapanda atakanyaga wapi na kushika nini.

Kinachoushikilia mzigo

Wapo madereva wazoefu wanaoamini kwamba mzigo mzito hausogei kwa sababu ni mzito. Imani hiyo inapaswa kuachwa. Uzito unaoongeza msuguano kati ya mzigo na sakafu ndio huohuo unaoongeza nguvu ya kuusukuma mzigo mbele pale breki zinapokamatwa, na vitu hivyo viwili huongezeka kwa pamoja, hivyo tani 20 za mbao hazitulii zaidi ya tani 2. Kanuni za ufungaji zinazotumika Ulaya hukadiria kwamba breki za ghafla huusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake, na kwamba kona huusukuma pembeni kwa asilimia 50, sawa na nguvu inayouvuta nyuma lori linapoondoka kwa kasi au kupanda mlima.

Tuchukue tani 10 za mbao kavu juu ya sakafu ya mbao iliyo safi, ambapo msuguano unaweza kukadiriwa kuwa asilimia 40 ya uzito. Breki za ghafla zinadai nguvu ya tani 8, msuguano unatoa tani 4, na tani 4 zilizobaki lazima zitoke mahali pengine. Mkanda wa kawaida wa racheti, yaani kifaa cha chuma chenye mpini wa kukazia, wenye upana wa milimita 50, ukikazwa kwa mkono, huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 300 kila upande, yaani huukandamiza mzigo kwa takriban kilo 600. Ili ukandamizaji peke yake uzalishe zile tani 4 za msuguano wa ziada, kunahitajika ukandamizaji wa tani 10, na hiyo ni mikanda 17. Hakuna anayefunga mikanda 17 kwenye tani 10 za mbao, na ndiyo maana mzigo lazima uegemezwe kwenye ukuta wa mbele wa bodi, ule unaotenganisha mzigo na kabini, bila kuacha nafasi. Kwa upande wa kona hesabu ni nyepesi zaidi: zinakosekana nguvu za tani 1 tu, na mikanda mitano inatosha. Dereva akiielewa hesabu hii moja, ataelewa pia kwa nini nafasi ya nusu mita iliyoachwa nyuma ya kabini ni hatari kubwa kuliko mkanda mmoja uliosahaulika.

Kupanga kabla ya kufunga

Fagia sakafu kwanza. Mchanga, vumbi la saruji, maji ya samaki na mafuta hupunguza msuguano kwa kiasi ambacho mikanda haiwezi kukifidia, na kufagia ni kazi ya dakika chache isiyogharimu chochote. Pale ambapo chuma kitalala juu ya chuma, kama vile nondo juu ya sakafu ya bati, tanguliza mbao au vipande vya mpira wa tairi kuukuu, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza kuliko karibu kila mgusano mwingine unaopatikana kwenye lori.

Vitu vizito vikae chini na katikati, vyepesi vikae juu. Magunia ya safu ya pili yakanyage maungio ya safu ya kwanza, na safu za pembeni ziinamie ndani kidogo, ili rundo lijishike lenyewe hata kabla ya kamba. Magunia ya dagaa yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa wepesi wake huwashawishi wapakiaji waendelee kuongeza safu hadi rundo liwe refu kupita kiasi, na lori lenye rundo refu hupinduka kwenye kona ambayo lingeipita salama likiwa na uzito uleule uliolala chini.

Uzito nao ugawanywe kwenye ekseli, yaani mihimili inayobeba magurudumu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake kwa jumla, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizo pamoja zenye matairi manane, na tani 24 kwa ekseli tatu zenye matairi kumi na mawili. Gari linaweza kuwa chini ya ukomo wa jumla na bado likakutwa na kosa mizani kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma. Mwenye nondo anaweza kukadiria uzito wake bila mizani kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo katika milimita, kisha kugawanya kwa 162, na jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 hufikia kilo 10.7, kwa hiyo tani moja ina nondo zipatazo 94.

Nondo zilizonyooka ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko mzigo mwingine wowote, kwa kuwa zile za katikati ya tita haziguswi na mkanda hata kidogo. Mkanda uliopitishwa juu unazikandamiza za nje, lakini za ndani zinaweza kuchomoka wakati wa breki na kuelekea kabini alipo dereva. Dawa yake ni kuzungushia tita zima kitanzi cha mnyororo au mkanda angalau sehemu mbili, ukikaza hadi nondo zibanane zote, ndipo tita hilo lifungwe kwenye bodi. Ncha zinazochomoza nyuma ya tela zifungwe kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku, kwa sababu bodaboda anayefuata nyuma hawezi kuona ncha ya nondo inayomlenga moja kwa moja.

Mabomba na mapipa yaliyolazwa yawekewe kabari za mbao zilizopigiliwa misumari sakafuni, wala si mawe, ambayo huruka kwenye tuta la kwanza. Mabati yawekwe kona za kinga za mpira au mbao kila mahali mkanda unapopita, kwani ukingo wa bati hukata mkanda ukiwa umekazwa.

Mkanda wa racheti na kamba

Soma lebo ya mkanda kabla ya kuutumia. Herufi LC hufuatwa na uwezo wa mkanda kuhimili mvuto, na STF hufuatwa na mkazo ambao racheti inaweza kuuacha kwenye mkanda baada ya kuvutwa kwa mkono. Ni namba hii ya pili inayohusu mkanda uliopitishwa juu ya mzigo, na ndiyo ambayo wanunuzi wengi hawaiulizii. Mkanda usio na lebo, wenye mshono uliofumuka au uliokatika ukingoni, usitumike.

Pitisha ncha ya mkanda kwenye mwanya wa mhimili wa racheti kutoka chini, uvute kwa mkono hadi ulegevu wote uishe, kisha ndipo uanze kupampu mpini. Mkanda uzunguke mhimili si chini ya mara moja na nusu, na usizidi mara tatu, kwa sababu ukizunguka kidogo utateleza, na ukizunguka sana utajaa na kuizuia racheti isifunge. Angalia kwamba mkanda unajikunja ukiwa umenyooka, kwani ukienda upande mmoja huliwa na kingo za racheti. Ukimaliza, laza mpini hadi usikie umejifunga, na ufunge mkia wa mkanda usipeperuke. Usiongezee mpini bomba ili upate nguvu zaidi: racheti haikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na ikiachia, bomba humpiga usoni aliyeishika.

Pembe ya mkanda ina uzito wake katika hesabu. Mkanda unaoshuka wima kutoka ukingo wa mzigo hukandamiza kwa nguvu yake yote, wenye pembe ya nyuzi 60 kutoka sakafuni hukandamiza kwa asilimia 87, na wenye pembe ya nyuzi 30 hukandamiza kwa nusu tu. Kwa hiyo mzigo mfupi uliowekwa katikati ya bodi pana, ukifungwa kwa mikanda iliyolala, unaonekana umefungwa kumbe haujakandamizwa.

Kamba bado zina nafasi yake, hasa kwa magunia na kwa kuzuia turubai, na simwoni mtu anayezitumia vizuri kuwa nyuma ya wakati. Kamba ya katani hujikaza ikilowa na hulegea ikikauka, hivyo iliyofungwa kwenye mvua ya alfajiri itakuwa imelegea saa sita mchana. Kamba za plastiki huliwa na jua na huanza kutoa vumbi jeupe zikichakaa. Fundo linalofaa hufanywa hivi: tengeneza kitanzi kwenye kamba juu kidogo ya kimo cha kifua, pitisha ncha kwenye kulabu iliyo chini ya bodi, irudishe juu uipitishe ndani ya kitanzi, kisha uvute kuelekea chini. Kwa nadharia mpangilio huo huongeza nguvu ya mkono wako mara tatu, ingawa msuguano wa kamba hula sehemu yake. Vuta ukiwa umesimama ardhini, miguu ikiwa imeachana, na usiegemeze mwili wote nyuma, kwa maana kamba ikikatika utaanguka chali.

Kupanda na kushuka

Swali la kwanza liwe kama kuna ulazima wa kupanda. Mkanda unaweza kurushwa juu ya mzigo kutoka chini kwa kutanguliza kamba nyembamba iliyofungwa kifuko kidogo cha mchanga, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu wala waya wa umeme upande wa pili. Usirushe ncha yenye kulabu. Turubai linaweza kupandishwa na wapakiaji wakati safu ya mwisho inapangwa, ili asihitajike mtu wa kulipeleka juu baadaye. Kila safari ya juu iliyoepukwa ni nafasi moja ya kuanguka iliyoondolewa.

Kama hapana budi kupanda, gari liegeshwe pahali tambarare, injini izimwe, breki ya mkono ikamatwe, magurudumu yawekewe kabari, na ufunguo utoke kwenye gari ukae mfukoni mwa anayepanda. Kisha tazama juu. Katika yadi nyingi za Mwanza nyaya za umeme hupita juu ya uwanja wa kupakilia, na mtu aliyesimama juu ya mzigo wa mita tatu akiinua nondo au bomba anaweza kuzifikia bila kujua. Mzigo usipakiwe wala kufungwa chini ya nyaya. Ikitokea mzigo ukagusa waya, walio chini wakae mbali, dereva abaki ndani ya kabini hadi TANESCO wakate umeme, na kama moto utamlazimisha atoke, aruke mbali na gari miguu yote ikiwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Tumia ngazi. Kwa kila mita nne za kimo, kitako cha ngazi kikae mita moja kutoka kwenye mzigo, ncha yake ipite ukingo wa juu kwa takriban mita moja ili anayeshuka apate pa kushika, na mtu mwingine aishike chini. Pasipo ngazi, panda kwa vidato vya gari vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, si kwa matairi, si kwa mikanda, wala kwa kamba zilizofunga mzigo, ambazo hazikufungwa kubeba mtu. Muda wote viungo vitatu viwe vimeshika au kukanyaga, ama mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja, uso ukiwa umeelekea gari. Hilo maana yake ni kwamba mikono lazima iwe mitupu: spana, kamba na simu vipandishwe kwa kamba au vikae mfukoni. Ondoa tope kwenye soli kabla ya kukanyaga kidato cha kwanza. Ndala hazifai.

Juu ya mzigo, tembea katikati, si ukingoni, na usikanyage turubai mahali usipojua kilicho chini yake, kwani nafasi kati ya magunia au marobota hufunikwa na turubai ikaonekana kama sakafu. Jambo ambalo ningependa kila utingo alishike kuliko yote ni hili: usivute turubai ukirudi kinyumenyume. Macho huwa kwenye turubai, mgongo huelekea ukingo, na hatua ya mwisho haina kitu chini yake. Vuta ukiwa umepiga goti na ukiutazama ukingo unaoufuata, au wawili wavute kutoka chini kila mmoja upande wake. Upepo wa ziwani ukianza kuvuma, turubai lililoshikwa na mtu mmoja huwa tanga, naye hana uzito wa kulizuia, aliachie. Mvua na ngurumo zikisikika, shuka, kwa sababu eneo la Ziwa Victoria hupigwa na radi nyingi na mtu aliye juu ya mzigo ndiye aliye juu kuliko vyote uwanjani.

Kushuka ni kwa njia ileile ya kupandia, taratibu. Kuruka kutoka kwenye sakafu ya tela, ambayo huwa juu ya mita moja, huumiza kifundo na goti hata kwa kijana, na anayeruka mara kadhaa kila siku huyalipia magoti hayo akiwa bado na umri wa kufanya kazi. Na lori likishaondoka, asiwepo mtu juu ya mzigo, awe utingo au abiria aliyeomba lifti.

Mtu akianguka na kulalamika maumivu ya shingo au mgongo, asiinuliwe wala kukalishwa. Kichwa chake kishikwe kisigeuke mpaka wenye utaalamu na machela wafike. Wenye malori nao wajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, na kwa maoni yangu utingo aliyechukuliwa kijiweni asubuhi kwa kazi ya siku moja anastahili kofia ngumu, buti na glovu sawasawa na yule wa kudumu.

Njiani

Mzigo hujishindilia mwanzoni mwa safari, mikanda ikalegea bila kukatika. Kanuni za Marekani humtaka dereva akague mzigo ndani ya kilomita 80 za kwanza, kisha kila kilomita 240 au kila saa tatu, chochote kitakachotangulia. Kwa barabara zetu zenye matuta ningeshauri ukaguzi wa kwanza ufanyike mapema zaidi. Anayetoka mjini kwa barabara ya kusini asimame Usagara, kwenye njia panda ya Geita na Shinyanga, akiwa amekwisha kupita foleni, breki na matuta ya kutosha kuonyesha mkanda upi umelegea. Ukaguzi hufanywa kutoka ardhini kwa kuvuta kila mkanda kwa mkono, ukichezacheza, ukazwe.

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa mwezi Juni 2025, limemwondolea dereva kivuko lakini limempa upepo wa ubavuni usio na kizuizi. Mwenye mzigo mrefu wa magunia akaze turubai kabla ya kupanda daraja na apunguze mwendo, kwani kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya upepo wa mbele juu ya turubai, sawa na umbali wa kusimama kwa breki, huongezeka mara nne. Wanaovuka kwa vivuko, kama vile Kisorya kwenda Rugezi huko Ukerewe, wakumbuke kwamba lori huinama likishuka kwenye kivuko na huyumbishwa na mawimbi kwa mfululizo, hivyo mzigo unahitaji kuzuiwa kwenda mbele, nyuma na pembeni kwa usawa.

Kufungua

Mzigo uliosafiri si mzigo uleule uliofungwa. Kabla ya kulegeza chochote, zunguka lori zima na uangalie kama kuna gunia, bomba au tita lililoegemea mkanda au nguzo ya pembeni, na kama lipo, lizuiwe kwa mashine au lishushwe kutoka upande mwingine kwanza. Fungua mkanda mmoja mmoja, ukisimama kando ya racheti na si mbele ya mzigo, huku watu wote wakiwa wameondoka upande wa pili. Racheti ifunguliwe taratibu, na mpini wa kukazia mnyororo usishikwe kwa namna itakayouruhusu kurudi usoni.

Mikanda iliyolowa ianikwe kivulini kabla ya kukunjwa, kisha ihifadhiwe ndani ya boksi mbali na dizeli na maji ya betri. Ule uliokatika ukingoni au ulioungua ukatwe vipande viwili papo hapo, ili asije mwingine akauokota uwanjani na kuufungia mzigo wake.